Mgonjwa wa Parkinson apewe dawa kwa saa yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugonjwa wa Parkinson, ambao mtaani kwetu huitwa kutetemeka tu, na ambao nyumbani mwetu ulikaa zaidi ya miaka miwili bila kujulikana kwa sababu baba, mwalimu mstaafu, hakuwa akitetemeka.

Kilichobadilika kwanza ni mwandiko wake. Alikuwa akianza mstari kwa herufi za kawaida na kuumaliza kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, hata benki wakaikataa saini yake. Kisha akaacha kusikia harufu ya samaki jikoni, uso ukawa hauonyeshi furaha wala hasira, na kufunga vifungo vya shati kukamchukua robo saa. Ndugu walisema ni uzee, jirani akasema amerogwa, nami kwa kutojua nilimgombeza mara nyingi kwamba anajivuta. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Daktari ndiye aliyetueleza kwamba seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea kwa wepesi, hufa kidogo kidogo, na dalili zinapoonekana wazi huwa nyingi zimekwisha kupotea. Ugonjwa hauponi, lakini dawa ya levodopa, inayotumika tangu miaka ya 1960, humrudishia mgonjwa sehemu kubwa ya siku yake. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, waliwakuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Naamini wazee wa namna hiyo wapo bado katika kila wilaya.

Ninalotaka hasa lisikike ni kwamba dawa hii huenda kwa saa. Baba humeza kidonge nusu saa kabla ya kula, kwa kuwa nyama, maharage na maziwa huizuia dawa isiingie mwilini vizuri, na kikichelewa mwili hukakamaa. Mwaka jana alilazwa katika hospitali moja kwa homa ya mapafu. Vidonge vyake vilichukuliwa, vikawa vinatolewa wakati mmoja na dawa za wodi nzima, na kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa hawezi kujigeuza kitandani wala kumeza uji. Tulipouliza, tukaambiwa umri umekwenda. Alipotapika aliandikiwa sindano ya metoclopramide, dawa inayozuia kazi ya dopamini na isiyomfaa mgonjwa wa Parkinson, na aliyemwokoa ni muuguzi kijana aliyesoma faili lake kabla ya kumchoma.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya mambo mawili. Wauguzi waelekezwe kwamba mgonjwa huyu hupewa dawa kwa saa zake, hata kama si saa za wodi. Pili, levodopa, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ipatikane katika hospitali za wilaya, ili familia isilazimike kuagiza mjini kwa basi. Dawa inapokosekana ndipo wauzaji wa mitishamba hupata wateja: mbegu za upupu zina levodopa kweli, lakini hakuna anayejua ni kiasi gani kimo ndani ya kijiko cha unga wanaouuza.

Nyumbani tunaendelea. Mlangoni pa sebule, mahali ambapo miguu yake huganda sakafuni, nimechora mistari ya chaki kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivyotuelekeza. Baba huitazama, huinua mguu kuuvuka mstari wa kwanza, kisha wa pili, na akishaketi kwenye kiti chake huniuliza kama saa kumi imefika.

Wako,
Mtoto wa mwalimu mstaafu,
Tanga