Shoga yangu, kuhusu yule mtoto

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kusi limepungua, mashua za Mokowe zaenda bila tabu.

Uliniuliza kwenye simu tulimpataje mtoto, na simu haikutosha.

Siku ya kesi ya kuomba tupewe mtoto tumlee, nilikwenda nikitetemeka. Nilidhani nitakuta kizimba na watu wamejaa, kumbe kesi ya mtoto watu wa nje hutolewa. Tulikuwa sisi, afisa wa watoto, karani na hakimu, mama wa makamo. Kabla ya kuniuliza mimi neno, alimwita mtoto mezani pake akamuuliza polepole: "Usiku ukiogopa, wamwita nani?" Mtoto akaninyooshea kidole. Nililia pale pale.

Kisha akauliza jamaa zake wametafutwa vipi, kuumeni na kukeni. Ripoti ilisema ami yake hana uwezo. Hakimu akataka kulisikia hilo kwa kinywa cha ami mwenyewe, akaahirisha kesi. Wakati ule niliona uchungu mno. Lakini ami alikuja, akaridhia, na kila Idi huja kumtazama mtoto. Bila hakimu yule, mtoto angekua hajui kama ana ami.

Lililonikosesha usingizi ni jina. Dini yetu waijua, mtoto huitwa kwa babake. Hakimu akatufafanulia: ukiasili, mtoto huwa kama uliyemzaa, hata kwenye mirathi. Kafala ya dini yetu ni kulea tu, nasaba yake haiguswi. Nikitaka kumwachia kitu nitaandika wasia, usiozidi theluthi. Na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala. Tukaichagua.

Sasa yule mwanamke aliyekwambia atakupa mtoto wake ukimlipia hospitali: nakusihi, usimpe hata shilingi. Huko ni kununua mtoto, na siku yoyote waweza kunyang'anywa. Nenda ofisi ya watoto hapo Malindi. Mkitaka kuasili, mtoto lazima awe ametimiza wiki sita, kisha akae nanyi miezi mitatu mfululizo kabla ombi halijapelekwa mahakamani. Ni kusubiri, najua, na wewe umesubiri miaka. Subiri na hii.

Mwenyewe ashavaa ndala, anivuta mkono twende gatini akaangalie mashua. Likizo ya Agosti nitamleta, umuone.

Shoga yako akupendaye