Ile sentensi yako ya ukurasa wa tatu

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Za masiku? Mama hajambo? Kimya changu utanigombeza tukionana. Rasimu ya makala yako nimeimaliza jana, na sentensi moja imenikwama kooni kama mwiba wa samaki: eti hukumu ya wachache, ile anayoandika jaji asiyekubaliana na wenzake walio wengi, ni "kilio cha aliyeshindwa". Ifute, tafadhali.

Chukua kesi ya Gobitis, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1940. Watoto wawili wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shule Minersville, Pennsylvania, kwa kukataa kupigia bendera saluti. Majaji wanane wakaipa shule haki. Jaji Stone akabaki peke yake. Lakini angalia alivyoandika: uzalendo unaweza kufundishwa kwa njia nyingine, bila kumlazimisha mtoto kutamka asichokiamini, na mahakama isikiachie kikundi kidogo kwa huruma ya wengi. Hoja ya namna hiyo inasafiri. Ile ya "shahidi wa tatu hakuaminika" inafia humo humo kwenye jalada.

Sasa utamu. Juni 1942, kwenye kesi nyingine kabisa, ya ada ya leseni ya kuuza vitabu, majaji Black, Douglas na Murphy, waliokuwa upande wa wengi 1940, wakaandika kwamba Gobitis waliikosea. Huko West Virginia, kwenye kesi mpya ya saluti ya bendera, Barnette, Jaji Parker na wenzake wawili wakapiga hesabu: kati ya majaji saba wa Gobitis waliobaki kitini, wanne wanaiona si sahihi. Wakagoma kuifuata. Mahakama ya chini, Rehema! Juni 14, 1943 (Siku ya Bendera kwao, usicheke) kesi hiyo ya Barnette ikaipindua Gobitis kwenye Mahakama ya Juu, sita kwa watatu. Na Jaji Frankfurter, aliyewaandikia wengi 1940, safari hii kaandika ya wachache. Je, naye alikuwa analia tu?

Ila usiseme Stone alinakiliwa. Jaji Jackson, aliyewaandikia wengi kwenye Barnette, hakuwatafutia Mashahidi msamaha wa dini. Alisema serikali haina mamlaka ya kumtamkisha imani mtu yeyote, awe na dini au asiwe nayo. Mbegu ya Stone, shamba la Jackson.

Kwenye sehemu ya mawakili, ongeza matumizi. Taja mwenyewe, mapema, kwamba unanukuu hukumu ya wachache. Upande wa pili ukiliibua, umekwisha. Onyesha kesi za baadaye zilizoimega hoja ya wengi. Halafu, kwa Mahakama ya Rufani yetu ya Tanzania, omba jopo kamili, majaji wasiopungua watano, kama unataka iuache uamuzi wake wa zamani. Kesi ya JUWATA ya 1988, iliyosema Rufani inaweza kuuacha uamuzi wake, itakusaidia. Kuwabishia majaji watatu kuhusu uamuzi unaowafunga ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilitaka kukuandikia na ya Kenya, hukumu ya wachache ya Jaji Mutunga kuhusu kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, lakini hiyo peke yake ni barua nyingine.

Na mbona hujaigusa kesi yetu ya wimbo wa taifa, 2013, wanafunzi Mashahidi waliposhinda Rufani? Nafasi imekubana au umeisahau? Mhariri amekupa maneno mangapi? Unaleta lini rasimu ya pili? Na Mwajuma, kesi yake ya kiwanja imefikia wapi?

Wako,
Zuhura