Wasanii wa kusini nao tuwaone gazetini

Mhariri salam, mi ni msomaji wako wa hapa Mtwara mjini, ukurasa wenu wa sanaa ndo naanzaga nao ila mbona kila siku ni wabongofleva tu na nani kaachana na nani?

Kuna dogo huku mtaani anapiga picha kwa simu ya kawaida kabisa, kapiga mikono ya kina mama wanaobangua korosho, vidole vimebabuka vyeusi kwa yale mafuta ya ganda, kaikuza mpaka unaona kucha zilivyoliwa, yani mi nilisimama pale nikasahau kilichonipeleka. Anaiweka statasi ya WhatsApp, masaa 24 imepotea.

Na huku sio wageni wa haya mambo. George Lilanga, kazaliwa 1934 huko Masasi, alianza kuchonga kama Wamakonde wengine, akaenda Dar akaingia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii, yale mashetani yake ya masikio makubwa akayahamishia kwenye rangi, yakafika mpaka Marekani. Leo kijana akitaka kuonekana ni basi mpaka Dar, kwenye kituo cha wasanii cha Nafasi Art Space, na nauli hana (Dar sio Mikindani hapo jirani jamani).

Tunaomba robo ukurasa tu kwa wiki, picha moja kubwa, au kinyago, au hata bango la kinyozi kama limechorwa vizuri. Na jina la aliyefanya kazi liandikwe, sio "picha ya maktaba".

Msomaji wenu, Mtwara