Mashine ikikaa kimya haijazima

Lalamiko ni lile lile, limerudi tena. Mteja aliyefanyiwa upasuaji wa goti ametoka hapa amenuna, akampigia mwanawe kwamba kliniki yetu inauza dakika hewa: kalala robo saa, mashine ya umeme ya kukaza misuli imefanya kazi sekunde kidogo kidogo, muda mwingi kimya, bei kamili.

Hesabu yake ni sahihi. Kwa paja lililosinyaa baada ya upasuaji huwa tunaweka sekunde 10 za umeme na sekunde 50 za mapumziko. Ndani ya dakika 15 msuli unakazwa dakika mbili na nusu tu. Ndivyo inavyotakiwa. Umeme huamsha nyuzi zile zile za msuli kila mara, wakati ukitembea mwenyewe nyuzi hupokezana, ndiyo maana msuli unaokazwa kwa umeme huchoka haraka. Ondoa mapumziko uone: muda si mrefu paja linatetemeka tu, kesho yake unachechemea. Na zile sekunde 10 tunakuomba ukaze paja pamoja na mashine, si uchati.

TENS, mashine nyingine ya umeme, ile ya kutuliza maumivu, haipumziki. Inasisimua neva za mguso ili zizuie habari ya maumivu kwenye uti wa mgongo, wazo lililotokana na nadharia ya Melzack na Wall ya mwaka 1965. Huko tunashutumiwa vingine: "Mmepunguza umeme nilipofumba macho." Hatujagusa kitu. Neva huzoea. Sema tu, tutaongeza kidogo, usikie kama sisimizi wanatembea, basi. Ikianza kuuma imezidi.

Wanaoona bei yetu kubwa huenda kununua mashine Kariakoo. Wala si mbaya zote. Balaa huanzia kwenye pedi, vile vibandiko vya jeli vinavyopitisha umeme kwenye ngozi. Tulimpokea mzee mwenye kisukari, miguu imekufa ganzi, mwanawe alizikata pedi katikati ili zidumu. Umeme ule ule ukapita kwenye nusu ya eneo, na jeli ilishakauka pembeni. Mzee akasema hasikii kitu, wakapandisha mpaka mwisho. Juu ya wayo alikuwa na malengelenge mawili makubwa kuliko sarafu ya mia, na kidonda cha mguu wa kisukari hakiponi kwa haraka. Hela waliyoacha kwa wafunga vidonda ingelipia vikao vyetu vingi, na pedi mpya juu.

Kwa hiyo tukikufumba macho na kukugusa kwa pamba, kisha kwa kijiti chenye ncha, tukiuliza kipi ni kipi, hatupigi porojo. Pasiposikia, hatuweki. Tunauliza pia kuhusu betri ya moyo, ujauzito, kifafa, saratani, na mguu uliovimba ghafla, maana huenda kuna damu iliyoganda. Wapo tuliowarudisha kwa daktari wao bila hata kuwasha mashine. Shingo kwa mbele hatugusi, wala kupitisha umeme kifuani, hata kama umeona mtu anafanya hivyo TikTok.

Una mashine yako? Njoo nayo, na pedi zake. Kwa bei ya kikao kimoja tutakuchorea kwa kalamu pedi zinapokaa na kukuwekea kipimo chako. Usilale nayo, usiendeshe bodaboda imewashwa, na pedi isiyonata kidoleni tupa. Mpya tunazo, na hatuzikati.