Konokono Wako Amelala, Anaumwa, au Amekufa?

Kila Juni, kiangazi kikianza hapa Bukavu, sisi tunaowatembelea wafugaji wa konokono tunapigiwa simu ileile: "Konokono wangu wamekufa wote." Mama mmoja wa Bagira alikuwa ameshawatupa wake shimoni tulipofika. Tulipowafukua, wengi walikuwa hai. Walikuwa wamelala tu.

Konokono mkubwa wa Kiafrika, hewa ikikauka, hujivuta ndani ya ganda na kuziba mlango kwa utando mweupe mkavu. Anaweza kukaa hivyo miezi kadhaa. Mpime mkononi: aliyelala ni mzito na hanuki. Aliyekufa ni mwepesi, au nyama imelegea inaning'inia nje, na harufu yake haifichiki. Ukiwa na wasiwasi, mnyunyizie maji ya uvuguvugu na usubiri saa chache. Aliye hai atatoboa utando atoe pembe. Ila anapolala hali chakula, hakui, na uzito unapungua, kwa hiyo usimwache alale kiangazi kizima. Nyunyiza maji kila jioni, udongo uwe na unyevu bila kuwa tope.

Ukaguzi wenyewe ni wa usiku. Huyu ni mnyama wa giza. Ukimtazama mchana utaona ganda tu. Nenda na tochi saa mbili au saa tatu. Wazima wametawanyika wanakula, ute wao unang'aa. Gusa pembe yenye jicho: inarudi ndani papo hapo. Anayechelewa kuivuta, au aliyejikunyata wakati udongo una maji na wenzake wanakula, mtenge usiku huohuo kwenye ndoo yake.

Kisha tazama ukingo wa ganda. Kwa mtoto anayekua, ukingo ni mwembamba na laini, na kila wiki unasogea. Ukiona maganda yamekwanguliwa, konokono wanatafunana kutafuta chokaa. Kausha maganda ya mayai, yasage, wawekee kwenye kisahani kila siku. Chokaa kali ya kujengea usithubutu, inawaunguza.

Mayai yanayogeuka rangi ya waridi yana kuvu; yatoe pamoja na udongo ulioyazunguka.

Lakini kundi zima likilegea kwa siku moja, usianze kutafuta ugonjwa. Tafuta sumu. Lenga-lenga (mchicha) za sokoni zinaweza kuwa zimepuliziwa dawa ya wadudu, na mabaki ya jikoni yana chumvi, ambayo humkausha konokono mpaka afe. Osha kila jani. Wateja wengi hutuomba vidonge vya watu, viuavijasumu, wavisage kwenye chakula. Hatuuzi, na tunawasihi wasijaribu: hao ni konokono wa kuliwa.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukiwagusa, zuia panya bandani, na nyama ichemke mpaka iive kabisa. Konokono huweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambao kwa binadamu hushambulia ubongo. Mgonjwa au aliyekufa mwenyewe haingii sufuriani hata kidogo.

Tunatembelea mabanda Ibanda, Kadutu na Bagira. Tunakuja jioni na mizani, tunapima kumi kutoka kila sanduku, tunaandika kwenye daftari lako, na baada ya wiki mbili tunarudi kulinganisha. Ukituita, tafadhali usifagie banda kwanza. Kinyesi na mabaki ya chakula ndivyo vitu vya kwanza tunavyovitazama.