Gasketi ya hedi haiungui bila sababu: kwa nini hatufungi gasketi peke yake

Kuna ujumbe wa sauti umezunguka kwenye magrupu ya wenye matipa, na kama una lori hapa Dar huenda umeshausikia. Jamaa analalamika kwamba alileta Fuso lake kwenye gereji yetu limeunguza gasketi, akatajiwa laki sita ya ufundi, wakati fundi mwingine kule Mbagala alikuwa tayari kumfungia kwa laki na nusu na gari lingelala nyumbani siku hiyohiyo. Anaongeza kwamba tulitaka kumfungulia rejeta ambayo haikuwa inavuja hata tone.

Hilo la rejeta ni kweli, tulitaka kuifungua na hata leo tungetaka. Hatuna ugomvi naye, gari ni lake na hela ni yake. Ila tangu ujumbe ule uzunguke, kila anayepiga simu anaanza na swali lilelile, basi tujibu hapa mara moja.

Gasketi ya hedi imelaliwa na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, juu ya bloku, mwili wa injini wenye silinda. Kazi yake ni kuzuia moto wa silinda, maji na oili visikutane. Ikifungwa vizuri kwenye injini nzima inakaa miaka, unaisahau. Ukiona imeungua, ujue mara nyingi joto lilipanda kwanza, hedi ikapinda kidogo, mkazo wa bolti ukapungua, moto ukapata upenyo. Anayekubadilishia gasketi bila kuuliza joto lilitoka wapi anakurudishia gari lenye ugonjwa uleule, na safari hii hedi imepinda zaidi. Ndiyo maana tunakutana na malori yaliyofungwa gasketi mpya mwezi huu na mwezi ujao yanachemsha tena Kongowe, kwenye foleni, na mchanga wa watu mgongoni.

Joto linatoka wapi? Kwa magari ya hapa mjini, tunaanza na maji.

Maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi, anayeishi Temeke au Mbagala hahitaji kuambiwa. Dereva anaamka saa 10 alfajiri, maji yamepungua, bomba halitoi, anachota ya kisima anajaza rejeta. Kesho vilevile. Yale maji yakipata moto, maji yenyewe yanapungua, chumvi na chokaa vinabaki. Angalia ndani ya birika ambalo kila siku linachemsha maji ya kisima, ule ukoko mweupe ndio uliomo ndani ya injini yako. Unakaa kwenye mirija ya rejeta na unakaa nyuma ya slivu, zile bomba za chuma ambamo pistoni zinatembea, mahali ambapo maji yalitakiwa yaguse chuma. Joto linabaki ndani. Na chumvi haiishii kwenye ukoko, inakula chuma pia. Tumeshachomoa slivu za Scania 113, zile ambazo maji yanazigusa moja kwa moja, tukakuta upande wa nje una matundu madogo madogo, mengine yamebakiza kidogo kutokea ndani. Ukifunga gasketi mpya juu ya slivu ya namna hiyo umetupa hela.

Tukimwambia mteja aweke kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta inayouzwa kwenye madumu, anacheka. “Fundi, hiyo ni ya Ulaya kwenye barafu.” Barafu ni kazi yake moja tu. Nyingine ni dawa iliyomo ya kuzuia kutu na kulinda slivu zisitoboke, na hiyo inahitajika Vingunguti kama inavyohitajika kwa wazungu. Changanya na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu, na ikifika muda wa kubadilisha, badilisha, maana ile dawa huisha nguvu. Kama huna hela ya kulanti leo, basi angalau yawe maji ya DAWASA au ya mvua, usijaze ya kisima.

Sasa rejeta isiyovuja. Rejeta za malori ya zamani ni za shaba, zinafunguliwa na kulehemiwa, jambo zuri sana kwa sababu zinatengenezeka. Ubaya ni kwamba kila fundi aliyepita naye ameacha alama. Mrija ukivuja, njia rahisi ni kuuziba kwa lehemu juu na chini. Maji hayavuji tena, mteja anafurahi, analipa elfu ishirini anaondoka. Ukizibwa mrija leo, mwingine mwakani, unafika mahali rejeta ni kubwa kwa macho lakini nusu yake haifanyi kazi. Hiyo ndiyo “haivuji hata tone.” Sisi tunatoa tanki la juu, tunahesabu mirija iliyo wazi, tunapitisha ubapa wa chuma mrija kwa mrija mpaka utokeze chini. Ni kazi ya siku nzima kwa kijana mmoja mwenye subira. Na humo ndani tunakutana na mambo: kuna mmoja alimwagiwa bizari kuzuia uvujaji, na kwa kweli ilizuia, ikazuia na maji kupita.

Halafu themostati, ile valvu ya maji ya injini ambayo wengi wanaitoa na kuitupa. Sijui nani aliwafundisha madereva kwamba Dar ni joto kwa hiyo themostati haina kazi. Ipo pale ili maji yakae kwenye injini mpaka yafike karibu nyuzi 80 ndipo yaachiwe kwenda kwenye rejeta. Kwenye injini nyingi za malori ina kazi ya pili: ikifunguka njia ya rejeta, inafunga ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka humohumo. Gari tupu utaona liko sawa, mshale umetulia. Lipakie kokoto za Lugoba uone. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata moto, dizeli haiungui vizuri, nyingine inashuka kwenye oili, ringi za pistoni na slivu zinalika kabla ya wakati. Themostati ni kitu cha bei ndogo. Tukikuta haipo tunaweka, na tunaiandika kwenye risiti, usitushangae.

Mfuniko wa rejeta hauchukui dakika tano, lakini kila wiki tunatupa mmoja uliofungwa kwa mpira wa tyubu. Ule mfuniko unabana shinikizo. Wa shinikizo la nusu ba unafanya maji yachemke kwenye nyuzi kama 111 badala ya 100. Wa tyubu unakurudisha kwenye 100.

Na kava la feni, lile bakuli linalozunguka feni nyuma ya rejeta. Fundi akilitoa ili mkono upite, mara nyingi halirudi, linabaki kwenye kona ya gereji mpaka linauzwa chuma chakavu. Bila kava, feni inazungusha upepo palepale ilipo badala ya kuuvuta upite kwenye rejeta. Barabara ya Morogoro ukiwa unakimbia hutaona tofauti, upepo wa mbele unakusaidia. Utaiona Buguruni saa 11 jioni, gari limesimama na injini inanguruma.

Kuna kazi moja tunapenda kuisimulia kwa sababu inaonyesha tunacholipisha. Lilikuja Scania la safari za Tunduma, limeshafungwa gasketi mara mbili sehemu mbili tofauti. Tajiri wake amechoka, amefika kwetu akisema tuitoe hedi tena. Dalili zote zipo: ukifungua rejeta injini ikiwa inafanya kazi, mapovu. Maji yanasukumwa nje. Yeyote angesema gasketi. Mzee wetu wa gereji akakataa hedi isiguswe. Akafungua paipu mbili za maji zinazokwenda kwenye kompresa ya upepo wa breki, akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, akawasha. Mapovu hayakuonekana tena. Kompresa nayo ina hedi yake na gasketi yake, na inapozwa na maji yaleyale ya injini. Gasketi yake ndogo ilikuwa imekufa, upepo wa breki unaingia kwenye maji. Tajiri akalipa pesa kidogo kuliko alizolipa kwa hedi moja kati ya zile mbili, na bado akaona tumemlipisha sana kwa kazi ya asubuhi moja. Tulimwelewa. Mtu akiona hedi iko chini anaona kazi imefanyika, akiona mzee amefungua paipu mbili anaona amekaa bure.

Vilevile ukikuta oili inaelea kwenye maji ya rejeta, usikubali hedi ishushwe kabla ya kupima kile kipoza oili kilicho ubavuni mwa bloku. Oili ina nguvu kuliko maji injini ikiwaka, kikitoboka inasukumwa upande wa maji. Ni fundi mvivu au mwenye njaa anayeanzia juu.

Turudi kwenye laki sita. Humo hedi inakwenda kwa watu wa mashine, inajazwa upepo na kuzamishwa kwenye maji ya moto kuona kama ina ufa, inanyooshwa kama imepinda. Bloku nayo tunailaza rula ya chuma na kupima kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, jambo ambalo wengi hawagusi kabisa, wanaamini bloku haipindi. Bolti zilizovutika hatuzirudishi. Tunakaza kwa toki renchi, spana inayopima mkazo, kwa hatua, kwa mpangilio kutoka katikati, hatukazi kwa bomba refu na nguvu za kijana. Rejeta inafunguliwa, mfumo unasafishwa. Na gari halitoki mpaka lipande mlima wa Pugu likiwa na mzigo, dereva wako akiwa ndani anaangalia mshale. Gasketi na spea nyingine unaweza kununua mwenyewe Gerezani, hatuna neno, ila tutaikagua kabla ya kuifunga, na ikiwa feki tutakurudishia uirudishe dukani. Laki na nusu inalipia kufungua na kufunga tu.

Jambo moja kwa madereva na tanboi. Gari likichemsha, weka pembeni, kama maji yamo liache kwa muda injini ikizunguka polepole, kisha zima usubiri. Usifungue mfuniko lingali moto, tumeshaona watu wamebabuka uso na kifua. Usimwage ndoo ya maji baridi juu ya injini wala kuyajaza kwa ghafla ndani. Hedi yenye moto ule ikikutana na maji baridi inapasuka, na hedi iliyopasuka kwenye Fuso la zamani utazunguka Kariakoo hadi Tabata kuitafuta iliyo nzima.

Ukileta gari, lilete asubuhi likiwa limelala, kwa sababu kipimo cha kwanza tunakifanya injini ikiwa baridi. Dereva anayeliendesha kila siku aje nalo, tajiri peke yake hatoshi, tunataka kujua lilichemsha wapi, likiwa na mzigo gani, na maji yalijazwa ya wapi. Na tafadhali msiyamwage yaliyomo kwenye rejeta ili lionekane safi, tunataka kuyaona hivyohivyo yalivyo.