Pembe ilibebwa na mabega ya nani?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa misafara wa karne ya 19 ambaye wengi tunamjua kwa jina la Tippu Tip, nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Mwandishi amefanya kazi, sina ubishi: safari amezipanga vizuri, majina ya mahali ameyaandika sawasawa, na hakumtukana mtu. Lakini mwisho wa makala kuna kisanduku chenye safu mbili. Kushoto "Mafanikio", mistari minane. Kulia "Mapungufu", mstari mmoja: alijihusisha na biashara ya watumwa.

Hilo neno "alijihusisha" limenikosesha usingizi. Ni neno la mtu aliyepita kando ya jambo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha historia katika shule za msingi hapa Kigoma kwa miaka 33. Safu hizo mbili nimezichora ubaoni kwa mkono wangu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mtihani uliuliza hivyo: taja mafanikio matatu, taja mapungufu mawili. Mwaka mmoja mtoto wa darasa la sita, hodari wa hesabu, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, tukitoa mabaya kwenye mazuri, anabaki na ngapi?" Wenzake walicheka. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu yule mtoto alikuwa ameelewa kitu nilichokuwa nafundisha kuliko nilivyokielewa mwenyewe. Nilikuwa nawafundisha kutoa. Nane toa moja, saba. Mtu mwema.

Basi ombi langu si kwamba mpunguze mistari ya kushoto au muongeze ya kulia. Naomba mfute ule mstari wa katikati.

Chukueni la kwanza kwenye safu ya mafanikio: "Alifungua njia za biashara hadi Kongo." Ndani ya njia hiyo kilipita nini? Pembe. Na pembe haina miguu. Frasila moja ni kama kilo 16, na jino moja la ndovu mkubwa laweza kuzidi frasila mbili. Kutoka mji wa Kasongo, huko Kongo, mpaka Ziwa Tanganyika, kuvuka kwa mitumbwi hadi Ujiji, Ujiji mpaka Tabora, Tabora mpaka Bagamoyo: ni miezi juu ya miezi, na mbung'o hawakuruhusu mtu kutegemea punda wala ng'ombe. Mzigo ulikwenda mabegani. Wako wapagazi waliolipwa, hasa Wanyamwezi, waliojua thamani ya kazi yao na kuidai. Na wako waliobeba kwa sababu vijiji vyao vilikuwa vimechomwa moto na wao wamefungwa pamoja. Kwa hiyo fanikio namba moja na pungufu namba moja ni msafara mmoja, siku ile ile, watu wale wale. Mwandishi anawezaje kuyaweka kwenye visanduku viwili?

Tippu Tip mwenyewe hakuyatenganisha. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kilatini na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu, na kwa Kiswahili chake tu mtu huyo anastahili kusomwa. Humo anasimulia vita na hesabu ya pembe kwa pumzi moja, bila kujitetea na bila kujuta. Anaeleza alivyoingia Utetera, nchi iliyoko Kongo, na kumwambia mtawala Kasongo Rushie kwamba wao ni ndugu, kwamba bibi yake alikuwa dada wa mtawala huyo, aliyetekwa zamani asirudi. Kasongo Rushie akaamini, akamkabidhi utawala. Nilipokuwa nawasomea wanafunzi kisa hicho walifurahi sana, kwao ilikuwa sungura amemshinda fisi. Na mimi nilifurahi pamoja nao. Ni baadaye, nimekaa nyumbani nasahihisha madaftari, ndipo nilipoona kwamba uongo ule ulisimama juu ya mwanamke aliyetekwa kweli, na juu ya kaka mtu aliyekuwa bado anamngoja.

Labda nililiona kwa sababu ya kwetu. Sisi ni Wamanyema. Kwa asili hilo ni jina la nchi iliyo ng'ambo ya ziwa, lakini hapa Ujiji, na Tabora, na hata Kariakoo, limekuwa jina la watu, yaani sisi ambao wazee wetu walivuka au walivushwa. Upande wa mama, mzazi wa bibi yangu alivushwa akiwa msichana mdogo. Upande wa baba, babu yake baba alivuka maji yale yale, ila yeye alikuwa na gobore begani, mtu wa wenye misafara. Damu zote mbili ni zangu. Siwezi kumtoa mmoja kwa mwingine.

Huyo mzee wa upande wa mama sikumkuta. Bibi alitusimulia machache, kwani mama yake hakupenda kusema. Hakuwahi kutamka jina la kijiji chao, na jina tulilomjua nalo alipewa baada ya kuvuka. Lakini kuna jambo bibi alilirithi kwake na akalishika mpaka anakufa: mbuzi wote wa nyumba yetu walifungwa mguu. Mtoto aliyemfunga mbuzi shingoni alichapwa, hata kama ni mgeni. Hatukuelezwa kwa nini, na hatukuuliza.

Niliposoma makala yenu kibarazani kwa sauti, jirani yangu, mzee ninayemheshimu, alinikataza kuandika. Alisema, "Mwalimu, usiwafungulie mlango wanaoutukana Uislamu." Namwelewa. Habari za utumwa zimetumiwa kutupiga kwa muda mrefu, na waliozitumia mara nyingi walikuwa na yao ya kuficha. Lakini mimi ni Mwislamu kama yeye, na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa wa karibu. Tippu Tip si mzazi wangu. Yule mwenye gobore ndiye jamaa yangu, na ushahidi juu yake nimekwisha kuutoa hapo juu.

Nyumba yangu haiko mbali na kumbukumbu ya Livingstone, pale penye miembe ambapo wageni hupiga picha. Huyo naye vitabu vyetu vimemchorea safu mbili, na kwake safu ya kulia huwa tupu kabisa: mmisionari, mpelelezi, adui wa utumwa, basi. Ni kweli alikuwa adui wa utumwa. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, watu wenye bunduki walipolivamia soko lililojaa wanawake. Waliuawa mamia, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni wakikimbia. (Tippu Tip hakuwepo siku hiyo, na haki yake ni tuliseme hilo.) Alichoandika Livingstone kiliwatikisa watu Uingereza, na mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Hilo ni jambo kubwa, nami kama mjukuu wa waliovushwa nalitaja kwa shukrani.

Lakini mtu huyo huyo aliingia Ujiji Machi 1869 akiwa mgonjwa, amebebwa na watu wa msafara wa mfanyabiashara Muhammed bin Gharib. Chakula chake, dawa zake, barua zake, vilipita mikononi mwa watu ambao kazi yao aliilaani. Na pale Nyangwe, miongoni mwa watu aliokuwa nao walikuwamo watumwa wa Mabaniani, yaani wafanyabiashara wa Kihindi, wa Unguja, waliotumwa kumhudumia. Wino ulikuwa umemwishia, akaandika kwa rangi ya mbegu juu ya kurasa za gazeti kuukuu. Mwaka 2011 watafiti walizisoma upya kurasa hizo kwa picha za mwanga maalumu, wakaona kwamba aliyoyaandika papo hapo na aliyoyanakili baadaye kwenye daftari lake hayalingani kila mahali, hasa panapohusu mwenendo wa watu wake mwenyewe. Mimi hilo halikunifanya nimdharau. Lilinifanya nimwone kwa mara ya kwanza: mgonjwa, mwenye hofu, amezungukwa na jambo analolichukia na hawezi kula bila ya jambo hilo. Mtu wa namna hiyo ningeweza kuwaeleza watoto. Yule wa sanamu sikuweza.

Nilikuwa nataka kuandika kwa urefu juu ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lakini nafasi yenu najua ni ndogo. Niseme tu kwamba yeye ndiye aliyetangaza kwamba anaingia Kongo kuwapiga vita wauza watumwa, na mwaka 1887 akamwajiri Tippu Tip kuwa liwali wake wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kisha Wakongo wakalazimishwa kazi za mpira, na wake zao kushikwa rehani, na mikono kukatwa. Makala yenu inautaja uliwali huo kwenye mafanikio.

Kuna hoja moja mwandishi ameiweka katikati ya makala, nayo nimeisikia kwa walimu wenzangu hata kwa wasomi: kwamba tusimhukumu, alikuwa mtu wa zama zake. Nauliza, zama hizo zilikuwa za nani? Wanawake wa soko la Nyangwe nao walikuwa watu wa zama hizo. Mzazi wa bibi yangu alikuwa mtu wa zama hizo. Hakungoja karne ya 21 ije imfundishe kwamba kufungwa shingo ni ubaya. Tukisema "zama zile waliona ni kawaida" tunawahesabu walioshika kamba peke yao. Zama zinaweza kutusaidia kueleza kwa nini mtu kama Hamed, aliyezaliwa Unguja katika ukoo wa biashara, akaanza safari angali kijana mdogo, hakuona njia nyingine ya kuwa mtu mkubwa. Kueleza huko nakuhitaji, na makala yenu imekufanya vizuri.

Na mkishaanza kuwahesabu wengine, historia yenyewe inakuwa nzuri zaidi kusoma. Chukueni habari ya mpishi wa Livingstone, Halima. Alikuwa hapa hapa Ujiji mwandishi wa habari Stanley alipowasili mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873 alikuwa katika kundi lililoleta maiti yake hadi pwani, mwendo wa miezi kadhaa. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone waliokuwa katika kundi hilo, wametajwa kidogo vitabuni, na inastahili watajwe zaidi. Halima ni nadra kumkuta. Katika miaka 33 sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani wowote, wala sikuwahi kuuliza. Hilo ni kosa langu na nimelibeba.

Tippu Tip alifia Unguja mwaka 1905, na inatajwa kwamba miaka kumi kabla ya hapo alikuwa na mashamba saba na watumwa kama 10,000. Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na kwetu Tanganyika ilikuwa mpaka 1922. Bibi yangu alikuwa amekwisha zaliwa. Kwa hiyo mnapoandika habari hizi, Mhariri, msiandike kama mnaandika habari za Firauni. Kiswahili kinachosemwa leo Kindu na Kisangani, miji ya Kongo, kilifika huko kwa misafara hiyo hiyo, na ninapowasikia Wakongo sokoni wakinunua dagaa na migebuka kwa lugha yangu, nafurahi na moyo unanikaza kwa wakati mmoja. Makala nzuri ingeniacha na hayo mawili pamoja, kama yalivyo.

Mmeahidi sehemu ya pili. Kama mwandishi wenu anaweza kusafiri, aje Ujiji. Wapo wazee wachache wenye masimulizi ya kuvuka waliyoyapata kwa bibi na babu zao, na nitampeleka nyumba kwa nyumba mimi mwenyewe, miguu bado inanitii. Asichelewe mpaka masika. Tangu mwaka jana tumewazika wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anajua majina ya vijiji.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma